Kununua Nguo Moja kwa Moja kwa Wenye Viwanda vya Ng'ambo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya Kitale na Bungoma)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo linalozungumzwa sana kazini na sokoni. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa wanachama wetu wanaouza nguo waache kununua kwa wenye maduka ya jumla wa Nairobi, wakaagiza wenyewe kwa wenye viwanda vya Uchina, India, Uturuki na Bangladesh? Wako wanaosema yafaa, na upesi. Wako wanaosema huo ni mtego mtupu. Sisi wa kamati tunasema yafaa, lakini si kwa mtu mmoja mmoja, si kwa nguo za kila namna, wala si kwa kupeleka pesa kabla ya kupiga hesabu.

Hatushangai kwamba wanachama wanauliza. Mshahara wa mwezi hauvuki mwezi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, watu wengi waliojua kazi ya mashine walijifunza kazi ya kutandika nguo chini sokoni. Leo ni vigumu kumpata mwanachama ambaye nyumbani kwake hapana mtu mwenye meza ya nguo Chwele, Kimilili, Kitale au Kiminini. Na mwenye meza hununua nguo ambayo imekwisha kupita katika mikono minne au mitano, na kila mkono umechukua chake.

Jambo hili si geni. Babu zetu waliiita nguo "merikani" kwa sababu ilitoka Marekani kwa jahazi na meli mpaka Unguja, ikapanda bara kwa vichwa vya wapagazi. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, nguo ilikuja kwa gari la moshi, lakini aliyeagiza alikuwa tajiri wa Mombasa au wa Nairobi. Lililo geni ni kwamba sasa hata mwenye meza ya Chwele aweza kusema na kiwanda cha Guangzhou kwa simu yake ya mkononi, akaonyeshwa picha na bei. Na hapo ndipo shida inapoanza, maana bei anayoonyeshwa si bei ya Chwele.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme shati moja kiwandani ni shilingi 300. Mnaagiza mashati 600, hiyo ni shilingi 180,000. Tuseme meli na bima mpaka Mombasa ni shilingi 20,000. Mzigo umefika bandarini kwa 200,000. Sasa ushuru wa forodha: nchi za Afrika ya Mashariki zilipatana kwamba kuanzia Julai 2022 nguo zitokazo nje zilipe kiwango cha juu, yaani 35 kwa mia. Hiyo ni shilingi 70,000. Mmefika 270,000. Juu ya jumla hiyo, si juu ya ile ya kwanza, huja kodi ya VAT ya 16 kwa mia, ambayo ni shilingi 43,200. Sasa ni shilingi 313,200. Gawanyeni kwa mashati 600. Shati lililokuwa la shilingi 300 limekuwa la shilingi 522, na bado liko Mombasa. Hatujataja ada ya kutangaza mzigo, wala ushuru wa reli, wala ujira wa wakala wa kutoa mizigo, wala lori la kilomita 480 mpaka Nairobi na nyingine karibu 400 mpaka kwetu.

Basi anayekuja kwenu na kusema, "Shati ni mia tatu tu, sisi tutaliuza mia tano," huyo hajapiga hesabu, au amepiga na hataki mjue.

Wengine watasema: tutapitisha kwa wale wanaokusanya mizigo ya watu wengi katika kontena moja na kutoza kwa kilo au kwa ukubwa wa mzigo, kodi ikiwa ndani. Ni njia nzuri kwa mwenye mzigo mdogo, na wengi wanaitumia. Lakini mwaka 2019 wafanyabiashara wadogo wa Nairobi walilalamika sana kwa sababu mizigo yao ya namna hii ilikuwa imezuiliwa. Katika kontena la pamoja, mali ya mmoja ikiwa na kasoro, mali ya wote hukaa. Mkitumia njia hii, dai risiti ya kodi ya mzigo wenu wenyewe. Asiyetaka kuitoa mwacheni.

Kabla ya kupeleka senti moja, yatupasa kujua tunayesema naye ni nani. Wengi wanaojiita viwanda ni madalali wenye meza na simu, kama tulivyo sisi. Si vibaya kununua kwa dalali, ila basi bei yake si bei ya kiwanda. Kila kampuni ya Uchina ina hati ya biashara yenye nambari ya tarakimu na herufi 18, na hati hiyo yasema kampuni imeruhusiwa kufanya kazi gani, kushona au kuuza tu. Iombeni. Ombeni pia mwonyeshwe kwa simu ya picha mahali cherehani zilipo, wakati wa kazi, siyo picha iliyopigwa zamani. Mwenye kiwanda hataona uchungu kuonyesha kiwanda chake.

Bei nayo ina herufi zake. Mkiona FOB, maana yake ni bei ya mali mpaka imepakiwa melini huko huko, na nauli ni juu yenu. Mkiona CIF, bima na nauli mpaka Mombasa zimo. Tumesikia watu wakilinganisha bei mbili na kuchukua iliyo ndogo, bila kujua kwamba moja ina nauli na nyingine haina.

Juu ya malipo tunaomba mtusikilize sana. Desturi ya viwanda vingi ni kutaka 30 kwa mia kwanza ili waanze kushona, na 70 zilizobaki mali ikiwa tayari. Sisi tunasema zile 70 zisilipwe mpaka mmeona nakala ya hati ya shehena, yaani karatasi ya meli, maana bila karatasi hiyo hapana atakayewapa mzigo bandarini. Kwa mzigo mkubwa nendeni benki, iandike ahadi ya kulipa kwa masharti ya karatasi. Benki hutoza ada, lakini ada hiyo ni ndogo kuliko machozi. Pesa ziende katika akaunti ya kampuni, kwa jina lile lile lililo katika hati yake ya biashara, zisiende kwa jina la mtu. Na ikija barua ya kusema, "Akaunti yetu imebadilika, lipeni hii nyingine," msilipe. Pigeni simu kwa nambari ile ya zamani mliyozoea, muulize. Wezi wa siku hizi huingia katikati ya barua za watu na kungoja siku ya malipo.

Mwanachama mmoja wa Kitale alimpelekea mtu pesa za sare za wachezaji wa mpira, jezi 200, akaletewa jezi kweli, lakini za vipimo vya Asia. Jezi iliyoandikwa XL ilimkaa kijana wa miaka kumi na minne. Hakuibiwa kwa maana ya sheria. Hakuwa ameagiza mfano wa jezi mbili tatu kwanza, akazipima kwa futi ya fundi. Mfano huuzwa ghali na huletwa kwa ndege, lakini ni bora kupoteza pesa za jezi tatu kuliko za jezi mia mbili. Vipimo viandikwe kwa sentimita, kifua na urefu, kisha karatasi hiyo itiwe sahihi na pande zote mbili.

Jezi zina jambo jingine. Zile zenye nembo za timu kubwa za Uingereza, zinazouzwa rahisi mno, nyingi ni za bandia. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya kupinga bidhaa bandia, na mali ya namna hiyo hukamatwa na kuharibiwa. Shirika la viwango, KEBS, nalo tangu mwaka 2005 lina utaratibu wa mali kukaguliwa huko huko itokako na kupewa cheti. Muulizeni mwenye kiwanda juu ya cheti hicho mapema, siyo mzigo ukiwa baharini. Siku za bure bandarini zikiisha, mali huanza kulipa kodi ya kukaa kama mpangaji, tena mpangaji wa mjini.

Na majira. Kushona huchukua kama mwezi, bahari mwezi na pengine zaidi, forodha na barabara majuma kadhaa. Mzigo wa Krismasi basi uagizwe Julai au Agosti. Wachina hufunga viwanda kwa mwaka wao mpya, mwishoni mwa Januari au Februari, na mafundi huenda kwao mashambani. Anayeagiza wakati huo atangoja. Kitale iko juu, kama mita 1,900, na asubuhi zake mnazijua. Bungoma iko chini zaidi na jua lake mnalijua. Mali inayokwenda mbio kwa mmoja yaweza kulala kwa mwingine, na hii ni sababu moja ya matawi mawili kuagiza pamoja: kinacholala Bungoma kitapandishwa Kitale.

Sasa tuseme kama watu wa chama, maana hapa tumekuja kwa jina la chama. Shati la shilingi 300 lina mtu aliyelishona. Tarehe 24 Aprili 2013, karibu na Dhaka, jumba la Rana Plaza lilianguka likaua watu 1,134, wengi wao wasichana wa cherehani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia. Benki iliyokuwa chini katika jumba hilo iliwaambia watu wake wasije. Washonaji waliamriwa kupanda kazini. Sisi tuliofanya kazi chini ya wasimamizi twajua amri ya namna hiyo inavyotamkwa.

Baada ya msiba ule vyama vya wafanyakazi vya dunia na makampuni ya nguo yalitia sahihi mapatano yenye nguvu ya sheria, viwanda vikakaguliwa kimoja kimoja, na ripoti zikawekwa wazi kwa majina ya viwanda. Tangu mwaka 2020 kazi hiyo imeshikwa na baraza la huko Dhaka ambalo waajiri, makampuni na vyama vya wafanyakazi wote wana viti. Kwa hivyo mwanachama anayeagiza fulana Bangladesh aweza kuuliza jina la kiwanda na kulitafuta. Mwaka 2023 washonaji wa huko walidai kima cha chini cha taka 23,000 kwa mwezi. Waligoma, wengine wao wakauawa, na wakapewa 12,500, kama dola 113 za wakati ule. Hatusemi msinunue kwao. Mgomo wao haukuwa wa kufunga viwanda, ulikuwa wa kulipwa. Tunasema mkiona kiwanda kinachotoa bei ya chini kuliko vyote, ulizeni bei hiyo imepunguzwa wapi.

Wako pia wenzetu wa hapa. Kina Rivatex ya Eldoret, iliyoanza mwaka 1976, ilianguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na ikafunguliwa upya kwa mashine mpya mwaka 2019. Kiwanda cha Kisumu, Kicomi, kilikufa, na wakulima wa pamba wa Malakisi waliona matokeo yake kabla yetu. Ndiyo sababu tumesema si nguo za kila namna. Kamati haitaunga mkono kuagiza ng'ambo sare za shule, sweta za shule wala nguo za kazi. Vitambaa na nyuzi vyapatikana Eldoret, kilomita 70 kutoka Kitale, na mafundi wako Bungoma na Kitale wakiwa wameketi mbele ya cherehani bila kazi. Sare haina ushuru wa 35 kwa mia ikishonwa Bungoma, na ikimbana mtoto hurudishwa kwa fundi jioni hiyo hiyo. Wanachama wanaoona kwamba hili ni kuwafunga mikono watasema katika mkutano, nasi tutawasikiliza, lakini msimamo wetu ndio huo. Fulana, nguo za ndani, nguo za watoto wachanga, koti za mvua: hizo ziagizwe.

Namna ya kuagiza ni ushirika. Sheria yataka watu kumi kuanzisha chama cha ushirika, na sisi katika matawi mawili tumezidi kumi mara nyingi. Akaunti moja, watu watatu wa kutia sahihi, mmoja wao asiwe mfanyabiashara. Nambari ya kodi ya ushirika, si ya mtu. Mzigo wa kwanza uwe mdogo, hata kama bei itakuwa juu kidogo, na hesabu yake yote, tangu senti ya kwanza ya benki mpaka nauli ya lori, isomwe mbele ya waliotoa pesa kabla mzigo wa pili haujaagizwa. Asitumie mtu pesa za karo wala mkopo aliouchukua kwa dhamana ya shamba.

Makatibu wa matawi wana daftari la majina. Tumewaomba waandike pia kila mmoja anauza nini na wapi, ili tujue vipimo na rangi za kuombea mifano. Mifano ikifika italetwa Webuye, ambako ni katikati kwa watu wa pande zote mbili, na mje na futi zenu za kupimia.