Watoto, Ng'ombe na Shule

Wasikilizaji wetu, leo twataka kunena nanyi habari za watoto wa Tarime na Serengeti. Kwa Wakurya ng'ombe ndio mali. Mvulana huijua njia ya malishoni kabla hajaijua ya shule, na ng'ombe waliopokewa kwa dada ndio kaka huwatoa naye apate kuoa.

Novemba 1974, TANU ilikata shauri mjini Musoma kwamba ifikapo 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi. Nani basi atachunga? Swali hilo lilikuwa la haki, wala hatulicheki. Lakini la wasichana ni zito zaidi. Shule zifungwapo Desemba, watoto kwingineko hushangilia. Hapa msichana huenda akaogopa, maana ndiyo majira ya ukeketaji, na akisha kukeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuozwa. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18. Ila sheria hailali nyumbani pamoja na mtoto. Kwa hiyo wasichana hukimbilia nyumba za hifadhi, Masanga na Mugumu, na Januari wengine huingia darasani wakitokea huko, si kwao.