Silia, Ishara za Seli na Kidole cha Sita

Mada kwa semina ya wakunga, wauguzi na waganga wa kliniki za watoto

Utangulizi

Waandaaji wa semina waliomba mada kuhusu kazi ya silia katika mawasiliano ya seli wakati kiinitete kinapoumbika. Washiriki wanaijua seli tangu darasani, kwa hiyo ufafanuzi utapita upesi. Nafasi kubwa imetengwa kwa jambo ambalo wakunga hulishika kwa mikono yao na bado halifiki kwenye karatasi: kidole cha sita.

Silia kwa ufupi

Silia ni kijiuzi chembamba kinachochomoza juu ya seli, urefu wake mikromita chache tu. Ziko za aina mbili. Zinazopiga hufagia makohozi katika njia ya hewa na kusaidia kusogeza yai katika mirija ya uzazi. Isiyopiga husimama peke yake, moja kwa kila seli, na huitwa silia ya msingi. Kwa miongo mingi hii ya pili ilihesabiwa kuwa masalia yasiyo na kazi.

Dhana hiyo iliporomoka hatua kwa hatua. Mwaka 1993 kikundi cha Joel Rosenbaum wa Chuo Kikuu cha Yale kiliripoti kuona mizigo ikipanda na kushuka ndani ya silia za mwani mdogo uitwao Chlamydomonas. Mwaka 1998 watafiti wa Japani wakiongozwa na Nobutaka Hirokawa walionyesha kuwa katika kiinitete cha panya, silia zinazozunguka husukuma majimaji kuelekea kushoto, na mkondo huo huchangia kuamua moyo ukae upande gani. Ndiyo maana karibu nusu ya watu ambao silia zao hazipigi vizuri tangu kuzaliwa wana viungo vya ndani vilivyogeuka upande.

Mwaka 2003 maabara ya Kathryn Anderson jijini New York ikafikia jambo lenye uzito zaidi kwa mada hii. Viinitete vya panya vilivyokosa protini za kubeba mizigo hiyo vilishindwa kuisoma ishara ya Hedgehog, mojawapo ya ishara kuu zinazoumba mwili. Silia ya msingi ikajulikana kuwa ni antena ya seli.

Ishara inavyosomwa

Protini iitwayo Patched hukaa kwenye silia na kuizuia nyingine, Smoothened, isijikusanye humo. Ishara ya Sonic hedgehog ikifika, Patched huondoka, Smoothened huingia, na jeni husika huwashwa. Ishara isipofika, protini ya Gli3 hukatwa na kuwa kizuizi kinachozima jeni hizo, na kazi hiyo ya ukataji huitegemea silia.

Katika mkono jambo hili huonekana waziwazi. Chipukizi la mkono hutokeza mnamo wiki ya nne ya kiinitete. Sonic hedgehog hutengenezwa upande mmoja tu, ule utakaotoa kidole cha mwisho, na Gli3 iliyokatwa huweka mpaka wa idadi ya vidole. Silia zikiwa na hitilafu, kizuizi hupungua na vidole huzidi. Kufikia mwisho wa wiki ya nane vidole vimeshatengana, na akina mama wengi bado hawajahudhuria kliniki hata mara moja.

Tatizo la kidole cha sita

Isisitizwe mapema kwamba kidole cha ziada pembeni mwa kidole cha mwisho, kikiwa peke yake, kwa kawaida si ugonjwa. Kwa watu wenye asili ya Afrika hutokea takriban mara kumi zaidi kuliko kwa Wazungu. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo, na mtoto hukua bila shida. Mada hii haikusudii kuwatia wazazi hofu.

Hata hivyo, kidole hichohicho huweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa wa Bardet-Biedl. Georges Bardet wa Ufaransa aliueleza mwaka 1920, Artur Biedl akafuata mwaka 1922, na ni mwaka 2003 ulipohusishwa na silia. Kuna protini nane zinazoshirikiana kusafirisha mizigo ya silia, na kasoro katika mojawapo yaweza kuleta ugonjwa huu. Mtoto hunenepa tangu miaka ya mwanzo, masomo humwia magumu, na figo zake huweza kuwa na kasoro. Seli za retina zinazopokea mwanga nazo zimejengwa juu ya silia, hivyo hufa polepole. Kutoona gizani huanza mara nyingi akiwa na miaka 7 au 8, na wengi hupoteza uoni katika ujana.

Wodini mambo huenda hivi. Mtoto anazaliwa na kidole kinachoning'inia kwa kikonyo chembamba cha ngozi. Mkunga, kwa nia njema, anakifunga uzi shinani. Kidole kinakuwa cheusi, kinakauka, na baada ya siku kadhaa kinadondoka. Pembeni mwa kiganja kinabaki kinundu kidogo. Kwenye kadi ya kliniki panaandikwa uzito, chanjo na tarehe ya kurudi. Kidole hakimo.

Miaka saba baadaye mtoto anaanza kujikwaa jua likizama. Mganga anafikiria upungufu wa vitamini A, jambo la busara, na anampa dozi. Unene unaelezwa kuwa ni wa ulaji. Shuleni anaitwa mzito wa kuelewa. Mama akiulizwa kama mtoto alizaliwa na kasoro yoyote, anajibu hapana, naye hasemi uongo: katika ukoo wake kidole cha sita hakijawahi kuitwa kasoro. Hivyo dalili ambayo ingeziunganisha nyingine zote haimo kwenye kadi wala kwenye maelezo ya mzazi.

Mwandishi wa mada hii amelieleza jambo hili katika vikao vingi vya mafunzo, na majibu yamekuwa yaleyale: ugonjwa ni adimu, na fomu zimejaa. Ni kweli kwamba ni adimu. Ulaya Kaskazini hukadiriwa mtu 1 kati ya 160,000. Lakini kwa Mabedui wa Kuwait, ambako ndoa za ndugu ni za kawaida, imeripotiwa kuwa 1 kati ya 13,500, na ndoa za binamu zipo pia katika baadhi ya jamii zetu. Takwimu hizo zimepatikana kwa sababu kuna waliokaa wakaandika. Kuhusu fomu, mstari mmoja hauhitaji fomu mpya. Inasikitisha kwamba jambo dogo kiasi hiki bado linaombwa.

Wapo wanaouliza faida ni nini ikiwa ugonjwa hauponi. Faida ipo. Figo na shinikizo la damu hufuatiliwa mapema. Mtoto hufundishwa Breli akiwa bado anaona. Wazazi huelezwa kuwa kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kurudia hali hiyo. Tangu 2022, Marekani imeidhinisha dawa ya setmelanotide kwa unene unaotokana na ugonjwa huu.

Mapendekezo

Bila kubadili mwongozo wowote wa wizara, mada inapendekeza:

1. Kila kidole cha ziada kiandikwe kwenye kadi ya mtoto kabla hakijaondolewa: mkono au mguu gani, upande gani, kina mfupa au hakina.
2. Kidole chenye mfupa kisifungwe uzi. Mtoto apelekwe kwa daktari wa upasuaji.
3. Mama aelezwe kwamba kidole peke yake si ugonjwa, na kwamba maandishi hayo ayatunze.
4. Moyo usikilizwe, kwa kuwa magonjwa mengine ya silia, kama Ellis-van Creveld, huambatana na kasoro za moyo.
5. Mtoto mwenye kidole cha ziada pamoja na dalili nyingine yoyote apigwe picha ya figo kwa ultrasaundi.
6. Mtoto asiyeona gizani, hasa mnene, akaguliwe pembeni mwa viganja na nyayo ili kutafuta kinundu au kovu.
7. Dozi ya vitamini A isipoleta nafuu, apelekwe kwa daktari wa macho akaguliwe retina.
8. Swali la kasoro za kuzaliwa libadilishwe, mama aulizwe, "Alizaliwa na vidole vingapi?"
9. Vyuo vya ukunga vifundishe silia ya msingi pamoja na zile zinazofagia makohozi.
10. Irudiwe tena: kidole kiandikwe kabla hakijafungwa uzi.

Mapendekezo mengi kati ya haya yanahitaji kalamu, macho na dakika moja tu. Washiriki wanaombwa waanze na la kwanza katika zamu yao ijayo, bila kungoja waraka.