Mzee Si Kitu Kikuukuu



Leo natafakari neno moja dogo la Kiingereza, "old". Watoto wetu hulijua mapema, maana kwalo huulizwa umri wao. Hata mtoto wa miezi miwili, umri wake hutajwa kwa neno hilo. Mzee huitwa kwalo. Kadhalika viatu vilivyotoboka, na rafiki wa tangu utotoni. Sisi katika Kiswahili tunatenganisha. Mtu ni mzee, nguo ni kuukuu, na mambo ya zamani ni ya kale. Ndiyo sababu twasema Agano la Kale, wala hakuna athubutuye kusema Agano Kuukuu.

Jambo hili nilijifunza kwa aibu. Nilipokuwa kijana, nimetoka tu katika chuo cha theolojia, nilimtafsiria mgeni aliyehubiri kwa Kiingereza. Mgeni alimwonyesha mama mmoja aliyeketi mbele, akaisifu imani yake, akamwita kwa neno hilo "old". Nami kwa haraka, na Kiswahili si lugha niliyozaliwa nayo, nikasema, "Mama huyu mkuukuu." Watu wakacheka. Mama akainamisha kichwa. Jumapili iliyofuata mahali pake palikuwa patupu.

Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Akanikaribisha chai, akasema, "Mwanangu, neno lako halikuwa geni kwangu. Hapa nyumbani nimekwisha kulisikia, ingawa hakuna aliyelitamka. Chakula changu huletwa mwisho, na shauri langu haliulizwi tena."

Ndugu zangu, kosa langu lilikuwa la ulimi. Je, la nyumba zetu ni la nini?

Wataalamu wa lugha husema kwamba neno "old" lina mzizi wa kale wenye maana ya kukua na kulishwa. Basi hapo asili yake mzee ni mtu aliyelishwa mpaka akakua. Ni Mungu aliyemlisha siku zote hizo. Nasi tumpe makombo?

Fungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 47. Njaa imemleta Yakobo Misri. Farao anamwuliza umri wake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imeliandika swali hilo kwa neno "old", lakini katika Kiebrania Farao anauliza hesabu ya siku za miaka ya maisha yake. Yakobo anajibu kuwa ni miaka 130. Huyu mzee aliyekuja kutafuta chakula hana jeshi wala ghala, lakini ndiye anayembariki mfalme, tena mara mbili. Naye Yusufu, pamoja na kazi zake zote za serikali, akamlisha baba yake.

Yule mama alirudi kanisani. Siku hiyo nilimwomba asimame atuombee, na hakuna aliyecheka.

Mpendwa msikilizaji, jioni ya leo mpelekee mzee wako chakula kwanza. Kisha keti karibu naye, umwulize shauri, na umwombe akubariki.

Tuombe. Ee Baba, uliyewalisha wazee wetu tangu tumboni mwa mama zao, utusamehe tuliowasahau. Utufundishe kuwaheshimu wangali hai. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.