Binti Mjamzito na Ugonjwa wa Sonona
(Maelezo ya muuguzi mkunga kwa wakazi wa Kata ya Kariakoo)



Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kupata ujauzito. Hapa kwetu tunapishana nao Mtaa wa Kongo wakiuza bidhaa, au wakiwasaidia mama lishe. Tumbo tunaliona, sonona hatuioni.

Sonona si deko, si uvivu, wala si jini. Ni ugonjwa, na unatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, takriban wajawazito 16 katika kila 100, na waliojifungua 20 katika kila 100, hupata maradhi ya akili, hasa sonona. Machozi ya siku chache baada ya kujifungua ni ya kawaida na hukoma yenyewe. Lakini binti akipitisha wiki mbili hana raha, halali hata mtoto anapolala, au chakula kinamshinda, apelekwe kituoni. Akisema ni afadhali asingekuwapo, msingoje kesho.

Wazee wetu wa Pwani walikuwa na arobaini. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na somo wake huketi naye akimsikiliza. Sisemi kila desturi ni dawa (ile ya kumkataza mjamzito mayai naikataa kabisa), ila faida ya arobaini ni kwamba mzazi haachwi peke yake. Basi aliyepata mimba angali kwa wazazi, bila ndoa, ndiye tunayemnyima hayo yote. Hufukuzwa, akajistiri kwa rafiki, na kliniki asihudhurie kwa kuona haya.

Huko Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini, wasio madaktari, walifundishwa kuwatembelea kina mama wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu, tangu ujauzito hadi baada ya kujifungua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionesha sonona imepungua kwa zaidi ya nusu. Nasi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wakibisha hodi, wafungulieni.

Jambo jingine ni shule. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warejee katika shule za mfumo rasmi. Bado nasikia wazazi wakisema, "Huyu amekwisha." Mwambieni habari hiyo angali mjamzito, apate cha kutazamia.

Mleteni kliniki mapema, Mnazi Mmoja au kituo kilicho jirani. Anayefanyiwa ukatili nyumbani apige 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo. Na mkimleta, tafadhali mwacheni kwanza aingie peke yake kwa muuguzi. Yako mambo ambayo binti hawezi kuyatamka mbele ya mama yake.