Nembo za Texas: Kanuni za Rangi na Kanuni za Uadilifu

Kampuni kubwa haimwachii kila mchoraji uhuru wa kuandika jina lake apendavyo. Huwa na kitabu cha mwongozo kinachoeleza nembo iwe na umbo gani, rangi ipi, herufi za namna gani, na nafasi kiasi gani iachwe wazi kuizunguka. Kusudi lake ni mteja aitambue kampuni hiyo popote, iwe kwenye bahasha au kwenye mkia wa ndege. Wasikilizaji wa Afrika Mashariki walioishuhudia Celtel ikigeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, wanajua jinsi vibao vya mji mzima vinavyoweza kubadilishwa rangi kwa amri moja.

Lakini je, mwongozo huo hulinda nini hasa? Jimbo la Texas, nchini Marekani, linatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni shirika la ndege la American Airlines, lenye makao yake makuu Fort Worth. Nembo yake ya herufi A mbili na tai katikati ilibuniwa na Massimo Vignelli mwaka 1967, ikadumu kwa zaidi ya miaka 40. Januari 2013, likiwa bado chini ya ulinzi wa mahakama kutokana na kufilisika, shirika hilo lilizindua nembo mpya. Vignelli aliukosoa uamuzi huo hadharani. Baada ya shirika kuungana na US Airways mwezi Desemba mwaka huo, uongozi uliwaachia wafanyakazi wapige kura kuhusu rangi za mkia wa ndege. Mkia mpya wenye mistari ya bendera ulishinda kwa tofauti ndogo.

Mfano wa pili ni NASA, shirika la anga za juu, ambalo kituo chake cha kuongoza safari za wanaanga kiko Houston. Mwaka 1975 NASA ilipokea nembo ya herufi nyekundu zilizopinda, kazi ya Richard Danne na Bruce Blackburn, na mwaka uliofuata ukatolewa mwongozo uliopanga sura ya kila kitu, kuanzia barua hadi vyombo vya angani. Hata hivyo, wakongwe wengi wa shirika waliendelea kuipenda nembo ya duara ya mwaka 1959. Ile ya zamani ikaitwa kababu, na mpya wakaibeza kwa jina la mnyoo. Mwaka 1992 mkuu wa NASA, Daniel Goldin, aliirejesha kababu. Mnyoo nao ulirudi mwaka 2020, ukapakwa kwenye roketi iliyobeba wanaanga. Kanuni zilizoandikwa haziwezi kumlazimisha mtu kupenda.

Mfano wa tatu ndio mzito zaidi. Mwaka 1997 kampuni ya nishati ya Enron, ya Houston, ilizindua herufi E iliyoinama, iliyobuniwa na Paul Rand, bingwa aliyeichorea IBM, muda mfupi kabla ya kifo chake. Ilipobainika kwamba mstari wake wa njano unafifia kwenye nakala za faksi, rangi hiyo ilibadilishwa haraka kuwa kijani.

Enron ilikuwa pia na kitabu kingine. Mwezi Julai 2000 ilitoa kanuni za maadili zenye kurasa 64, zikitaja heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Lakini tangu mwaka 1999 bodi ya wakurugenzi ilikuwa imemruhusu mkuu wa fedha, Andrew Fastow, kukiuka masharti ya kampuni kuhusu mgongano wa maslahi, ili aendeshe biashara zake na kampuni hiyohiyo. Kasoro ya rangi ilisahihishwa. Sharti la uadilifu liliwekwa kando kwa kura ya wakubwa.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hisa ya Enron iliyouzwa kwa takriban dola 90 mwezi Agosti 2000 haikufikia hata dola moja mwishoni mwa Novemba 2001. Tarehe 2 Desemba kampuni iliomba kutangazwa imefilisika, na kesho yake wafanyakazi wapatao 4,000 wakaachishwa kazi. Wengi walikuwa wameweka akiba yao ya uzeeni katika hisa hizo.

Mwaka 2002 mojawapo ya zile E zilizoinama ilipigwa mnada mjini Houston, ikanunuliwa kwa dola 44,000. Nembo ilikuwa bado na bei. Akiba ya wafanyakazi ilikuwa imekwisha.