Mmoja Katika Mia



Nitaanza na jambo ambalo wafadhili hawalipendi. Watoto wanaohitaji miwani katika shule zetu za msingi vijijini si wengi. Utafiti wa mkoani Mwanza uliochapishwa mwaka 2000 uliwapima wanafunzi 1,386 wa shule 3, na wenye kasoro kubwa ya kurekebishwa kwa miwani walikuwa kama asilimia 1 tu. Yale ya Asia ya Mashariki, ambako wanafunzi wengi huhitaji miwani, si yetu, walau bado.

Basi tulale? Hapana. Uchache wao ndio unaowaponza. Mtoto asiyeona mbali, ambaye jicho lake limerefuka kiasi kwamba picha inaishia kabla ya kufika kwenye retina, hana wa kulinganisha naye. Hasemi kwamba haoni, kwa kuwa anadhani ukungu ule ndio ubao wenyewe. Akichungulia daftari la jirani anaitwa mwizi wa majibu. Akikunja uso kuusoma ubao, mwalimu anaona dharau. Kisha huja mtihani, na jina analopewa tangu hapo mnalijua.

Mwalimu anaweza kumgundua. Katika utafiti uleule wa Mwanza, walimu waliofundishwa kupima kwa njia nyepesi waliwabaini asilimia 80 ya wasioona vizuri kwa macho yote mawili, na katika wasio na tatizo hilo walipatia kwa asilimia 91. Matokeo mazuri, mtasema. Lakini tukokotoe. Shule yenye watoto 1,000, wenye tatizo wakiwa 10: mwalimu atawapata 8, na pamoja nao atawapeleka wazima karibu 90. Kila mmoja anahitaji nauli hadi hospitali ya wilaya, na mzazi aliyeacha shamba siku nzima anarudi na jibu kwamba mtoto hana kitu. Mwaka ujao mwambie tena, uone kama ataondoka. Kwa hiyo baada ya mchujo wa mwalimu, mtaalamu wa macho ndiye apande gari aje shuleni.

Na miwani ikishapatikana? Jijini Dar es Salaam, katika utafiti wa shule za sekondari uliochapishwa mwaka 2008, baadhi ya wanafunzi walipewa miwani bure na wengine cheti cha kwenda kuinunua. Baada ya miezi 3, waliokuwa wameivaa au walikuwa nayo shuleni walikuwa asilimia 47 kwa waliopewa bure, na 26 kwa wenye cheti. Bure imesaidia, lakini haikufika hata nusu, tena mjini, ambako miwani si kioja. Kijijini mtoto huyu huenda ndiye peke yake shuleni mwenye miwani. “Macho manne” ataitwa kabla ya kengele ya saa nne, na nyumbani bibi atamwonya kwamba vioo vinalegeza macho. Havilegezi, lakini bibi anasikilizwa kuliko mimi.

Ili miwani ivaliwe, ningeanza na mwalimu wa darasa. Awe wa kwanza kujua kwamba miwani imefika, naye amwite bibi shuleni asome ubao pamoja na mjukuu, bila miwani na kwa miwani. Mtoto naye ajichagulie fremu mbele ya kioo. Zile fremu za msaada za saizi moja kwa vichwa vyote, warudishiwe waliozileta.