GITAA NA PICHA ZA NJIANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Diani)



Mmesikia kwamba kamati yataka kuandaa jioni moja hapa Diani, ya muziki wa bluzi pamoja na maonyesho ya picha zilizopigwa njiani. Wako wenzetu waliouliza, "Hayo mambo ya wageni, chama cha wafanyakazi chayatakia nini?" Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu.

Bluzi haikuzaliwa katika baa za mahoteli. Ilizaliwa kusini mwa Marekani, kwa watu weusi wa mashamba ya pamba. Mwimbaji hutoa mstari mmoja, akaurudia kama mtu abishaye hodi asiitikiwe, kisha huja wa tatu wenye jibu. Muddy Waters, ambaye jina lake lajulikana dunia nzima, alikuwa dereva wa trekta katika shamba la Stovall, Mississippi. Mwaka 1941 alirekodiwa huko huko shambani, akapata dola 20 na santuri mbili. Mshahara wake ulikuwa senti 22 na nusu kwa saa. Akaomba 25. Alipokataliwa, mwaka 1943, alishika njia kwenda Chicago. Senti mbili na nusu, ndugu! Aliyekata miwa Ramisi hahitaji kufasiriwa wimbo kama huo.

Na kwetu pia wapigaji ni wafanyakazi. Them Mushrooms walikuwa wakipiga katika mahoteli ya Mombasa walipotoa "Jambo Bwana" mwaka 1982. Mgeni huondoka na wimbo. Mpigaji hutafuta matatu saa sita za usiku.

Sasa picha. Sisi tuvukao Likoni twawakumbuka wapiga picha wa kivukoni wa miaka ya 1990. Vibandani mwao mlikuwa na mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na vibarua waliotoka bara walipigwa picha wapate kuzipeleka nyumbani. Walijilipia, wakachagua wenyewe shati na mkao. Agosti 1997, fujo zilipozuka Likoni, vibanda viliteketezwa.

Picha ya njiani ni kinyume. Mwenye kamera huchagua, mwenye sura hana habari. Mvuvi, mama wa viazi karai, kijana wa bodaboda pale Ukunda, wote waweza kutundikwa ukutani na kuuzwa, nao wamesimama nje ya lango. Kwa sheria ya Kenya haki ya kunakili picha ni ya aliyeipiga. Lakini mwenye uso naye ana haki yake: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake.

Kwa hiyo kamati yasema hivi. Wapiga gitaa walipwe taslimu usiku huo huo, si sahani ya wali na ahadi ya kupata jina. (Jina halinunui unga.) Kila aliyemo pichani aulizwe kwanza, apewe nakala, aingie bure yeye na jamaa zake. Chini ya picha iandikwe kazi yake, na jina lake akipenda. Hatutaki kusoma "mwenyeji mwenye furaha".

Juu ya mahali, wengine wataka hoteli ya pwani. Sisi twapendelea Ukunda, maana kule pwani yule yule aliyepigwa picha ataulizwa langoni anakwenda wapi. Wenye kupinga na waseme sasa, kabla hatujapiga kura.